Ndege ya Vita ya Bei Nafuu na Gharama Yake

Kila mara Serikali ya nchi isiyo tajiri inapotaka kununua ndege za vita, neno la kwanza linalotamkwa na wauzaji, kisha likarudiwa na mawaziri, ni neno nafuu. Wananchi huambiwa kwamba iko ndege ndogo, nyepesi, yenye injini moja, iwezayo kufanya kazi zilizofanywa zamani na ndege tatu za namna mbalimbali, na kwamba bei yake ni sehemu tu ya bei ya ndege kubwa za mataifa makuu. Maneno hayo si ya uongo. Walakini si kweli yote, na katika mambo ya fedha za umma nusu ya kweli yaweza kuleta hasara kuliko uongo mzima, maana uongo mzima hugunduliwa mapema.

Leo twataka kuitazama ndege moja ya jamii hiyo, iitwayo Gripen, ya kampuni ya Saab ya Uswidi. Ni katika ndege bora za aina yake, kwa hiyo hakuna atakayetushitaki kwamba tumeokota kitu kibovu ili tupate kukishutumu. Tena imenunuliwa na nchi ya Afrika, nayo ni Afrika Kusini, na habari zake huko zimesemwa wazi Bungeni na mahakamani.

Gripen haikubuniwa ili iuzwe Afrika. Ilibuniwa na taifa dogo lililomwogopa jirani mkubwa. Uswidi ina watu wapatao milioni 10, na kwa miaka mingi ilikataa kufungamana na upande wowote. Ni mwezi Machi 2024 tu ilipoingia katika umoja wa kujihami wa NATO. Wakuu wa jeshi lake walikadiria kwamba vita vikizuka, viwanja vyao vya ndege vitapigwa mabomu siku ya kwanza. Basi wakataka ndege iwezayo kutua na kuruka katika barabara za kawaida za magari, kwenye kipande cha lami cha mita 800 hivi. Tena wakataka kwamba ndege ikishatua, iweze kutiwa mafuta na makombora mapya ya kupigania hewani na kuruka tena katika dakika 10, na kazi hiyo ifanywe na fundi mmoja akisaidiwa na vijana watano walio katika utumishi wa lazima wa jeshi. Msomaji na alizingatie jambo hilo. Wepesi wa ndege hii haukuwa wa kilo peke yake. Ulikuwa wepesi wa kuihudumia, na huo ndio msingi wa unafuu wake.

Waswidi wenyewe huiita JAS 39. Herufi hizo tatu zasimama badala ya maneno ya lugha yao yenye maana ya kuwinda ndege za adui, kushambulia vitu vya ardhini, na kupeleleza. Ndege iliyoitangulia, iliyoitwa Viggen, ilitengenezwa kwa namna mbalimbali: hii ya kushambulia, hii ya kupiga picha, hii ya kukamata ndege za adui. Katika Gripen kazi zote tatu zimo katika chombo kimoja. Rubani hubonyeza kitufe, na kompyuta hubadili kazi ya rada na ya silaha angali hewani.

Hata kupaa kwenyewe ni kazi ya kompyuta. Ndege hii imeumbwa makusudi isitulie hewani, kama vile baiskeli isivyosimama bila mwendeshaji, ili iweze kugeuka upesi; na kompyuta ndiyo inayoishika kila nukta isipinduke. Jambo hilo liliwagharimu mabingwa wa Uswidi. Gripen ya kwanza iliruka tarehe 9 Desemba 1988, na mwanzoni mwa mwezi Februari 1989 ikaanguka ilipokuwa ikitua Linköping. Mwezi Agosti 1993 nyingine ikaanguka katikati ya mji wa Stockholm, siku ya sherehe, mbele ya umati mkubwa wa watu. Kwa bahati njema hakuna aliyekufa. Makosa yalikuwa katika namna kompyuta ilivyofuata mikono ya rubani. Yakatengenezwa, na mwaka 1996 ndege ikaingia jeshini.

Sasa tutazame hesabu. Gripen ya namna ya C, ambayo Afrika Kusini iliinunua pamoja na ile ya D yenye viti viwili, ina uzito wa tani 6.8 hivi ikiwa tupu, na haiwezi kuruka na zaidi ya tani 14 pamoja na mafuta na silaha zake zote. Urefu wake ni mita 14.1. Hufikia mwendo ulio mara mbili ya mwendo wa sauti. Ile yenye kiti kimoja ina mzinga wa milimita 27 mwilini, na chini ya tumbo na mabawa pana mahali pa kuning'iniza makombora, mabomu, kamera au matangi ya mafuta. Ukitaka kuona tofauti, ilinganishe na Sukhoi 30 ya Kirusi, ambazo Uganda ilizinunua sita kwenye mwaka 2011: hiyo ina injini mbili, na ikijazwa vitu vyake huruka na zaidi ya tani 30. Injini moja maana yake ni mafuta machache, mafundi wachache, vipuri vichache. Mwaka 2012 kampuni ya Jane's ya Uingereza ilitoa hesabu kwamba saa moja ya kurusha Gripen hugharimu dola 4,700, na saa moja ya F-16 ya Marekani dola 7,000, na ya Rafale ya Ufaransa dola 16,500. Hesabu hiyo ilifanywa kwa ajili ya Saab yenyewe. Mwenye duka akija na mizani yake, mnunuzi hana budi kuyatazama mawe. Lakini hata tukiongeza kiasi gani, hapana shaka kwamba ndege hii ni rahisi kuirusha kuliko kubwa zake.

Hayo ndiyo mema yake, nasi twayakubali. Ila kila jema kati ya hayo limelipiwa mahali pengine, na huko ndiko wauzaji wasikopenda kutupeleka.

Kwanza ni masafa. Ndege ndogo ina tumbo dogo. Gripen ya C ikibeba silaha za kutosha huweza kwenda kupigana mahali palipo umbali wa kilomita 800 hivi na kurudi kwake. Ukitaka iende mbali zaidi utaitundikia matangi ya ziada, na kila tangi hukalia mahali pa bomu au kombora. Kwa hiyo kusema kwamba ndege hubeba silaha nyingi na kwamba huenda mbali ni kusema maneno mawili ya kweli ambayo hayatimii siku moja. Kwa Waswidi hili halikuwa neno kubwa, kwa kuwa adui wao alikuwa ng'ambo ya bahari nyembamba. Nchi kubwa zilipolalamika, Saab ilitengeneza namna ya E, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwezi Juni 2017. Hiyo hubeba mafuta zaidi kwa karibu asilimia 40, ina injini yenye nguvu zaidi, na uzito wake wa kuruka umepanda hadi tani 16.5. Ndege nyepesi ikatakiwa inenepe ili iweze kufika.

Pili ni injini yenyewe. Kwa kuwa ni moja tu, ikizimika rubani hana lingine ila kuruka kwa mwavuli. Mwezi Agosti 2018, karibu na Ronneby, kusini mwa Uswidi, kundi la ndege wa porini liligongana na Gripen ikaanguka. Ndege wa Mungu wakaiangusha ndege ya wanadamu, na rubani akaokoka. Lakini ajali si jambo kubwa katika habari ya injini. Jambo kubwa ni mwenye injini. Injini ya Gripen ya C ilitengenezwa Uswidi na kampuni ya Volvo, lakini asili yake ni F404 ya General Electric ya Marekani. Na ya E ni F414, ya kampuni hiyo hiyo. Basi Uswidi haiwezi kumwuzia mtu ndege yake yenyewe bila Washington kuridhia.

Wala si Uswidi peke yake. India ilianza miaka mingi iliyopita kujitengenezea ndege nyepesi iitwayo Tejas, ikajaribu pia kutengeneza injini yake, Kaveri, nayo haikufikia nguvu iliyohitajiwa. Mwaka 2021 jeshi la anga la India liliagiza Tejas 83 za namna mpya, na mwaka huo huo zikaagizwa injini 99 za F404. Injini ya kwanza kati ya hizo ilikabidhiwa mwezi Machi 2025. Miili ya ndege ilikuwa tayari ikingoja mioyo kutoka ng'ambo. JF-17, inayotengenezwa na Pakistan pamoja na China, ambayo Nigeria ilipokea tatu mwaka 2021, huruka kwa injini ya Kirusi. Hii si bahati mbaya iliyowapata watu kadha wa kadha. Kubuni injini ya ndege ya vita ni kazi ngumu na ya gharama kuliko sehemu nyingine yoyote, na ni mataifa machache mno yaliyoifaulu. Ndege ya bei nafuu imekuwa ya bei nafuu kwa sababu aliyeitengeneza aliepuka gharama hiyo kwa kutumia injini ya mwingine. Anayeinunua hununua pamoja nayo ruhusa ya mtu wa tatu asiyekaa mezani, na ruhusa hiyo yaweza kurudishwa kabatini siku yoyote.

Tatu ni rubani. Wauzaji husema ndege moja badala ya tatu. Sawa, lakini mtu ni yule yule mmoja. Zamani rubani alijifunza kazi moja maisha yake yote. Sasa yampasa ajue kupigana hewani, kulenga ardhini, na kupeleleza, na kila kazi hudai saa zake za mazoezi. Kipimo kinachotajwa kwa majeshi ya NATO ni saa 180 kwa mwaka kwa kila rubani. Kitufe hubadili kazi ya kompyuta kwa nukta moja. Hakuna kitufe cha kubadili ustadi wa mwanadamu. Jeshi lisiloweza kulipia saa hizo lina ndege ya kazi tatu na rubani wa kazi moja, na pengine hata hiyo moja ameisahau.

Waswidi walitumia Gripen katika Afrika mwaka 2011, wakati wa vita vya Libya. Walipeleka ndege nane katika kituo cha Sigonella, kisiwa cha Sicily. Bunge lao lilikuwa limewakataza kushambulia ardhini, kwa hiyo kazi yao kubwa ikawa kupeleleza na kupiga picha, nao waliifanya vizuri, wakasifiwa. Lakini walipofika waligundua kwamba mafuta yaliyokuwa tayari kituoni ni ya namna inayotumiwa na jeshi la majini la Marekani, nayo hayakufaa kwa ndege zao. Ilibidi mafuta yaletwe kwa magari kutoka nje. Twalitaja jambo hili dogo kwa sababu hata tajiri, mwenye ndege aliyoibuni mwenyewe, alikwama kwa siku kadha kwa ajili ya kitu ambacho hakuna mtu anayekiandika katika tangazo la biashara.

Twende sasa Afrika Kusini. Mwezi Desemba 1999, miaka mitano baada ya wananchi wote wa nchi ile kupiga kura kwa mara ya kwanza, Serikali ilitia sahihi mikataba ya kununua silaha kutoka Ulaya: manowari, nyambizi, helikopta, ndege za mafunzo za Hawk 24, na Gripen 28, ambazo baadaye zilipunguzwa zikawa 26. Bei ya jumla iliyotangazwa mwanzoni ilikuwa karibu randi bilioni 30. Majirani wote walikuwa marafiki wa Serikali mpya, na ndege za zamani, Cheetah, zilikuwa zingali zikiruka, wala hazikuondolewa hadi mwaka 2008.

Wafanya kazi waliambiwa kwamba mikataba hiyo yote kwa jumla italeta ajira zipatazo 65,000, maana wauzaji wa Ulaya wataleta biashara na viwanda kwa thamani inayozidi mbali bei ya silaha zenyewe. Yafaa msomaji ajue ahadi za namna hii huhesabiwaje. Muuzaji hapimwi kwa idadi ya watu walioajiriwa. Hupimwa kwa alama anazopewa kwa kila mradi, na mradi unaopendwa na Serikali huweza kupewa alama mara kadha ya fedha zilizoingia kweli. Hivyo ahadi ya mabilioni huweza kutimizwa kwenye karatasi, na mlango wa kiwanda ukabaki umefungwa. Ajira zilizopatikana hazikufika zile zilizoahidiwa. Ni kweli kwamba kiwanda cha Serikali, Denel, kilipata kazi ya kutengeneza sehemu kadha za Gripen. Lakini kufikia mwaka 2020 wafanya kazi wa Denel walikuwa wakienda Mahakama ya Kazi kudai mishahara yao. Hatusemi kwamba ni Gripen iliyokiangusha kiwanda; kiliangushwa na mengine mengi. Twasema tu kwamba ndege haikukiokoa.

Habari za rushwa katika mikataba ile zimejadiliwa mno, nasi hatutazirudia hapa ila kwa kifupi. Tume ya Jaji Seriti iliundwa mwaka 2011, na katika taarifa yake iliyotangazwa mwaka 2016 ikasema haikuona ushahidi wa rushwa. Mwezi Agosti 2019 Mahakama Kuu ya Pretoria ikaitengua taarifa hiyo. Lakini twaomba msomaji afikiri jambo moja: hata kama kila senti ingalilipwa kwa uaminifu, yale yaliyofuata yangalitokea vile vile.

Gripen zilikabidhiwa kati ya mwaka 2008 na 2012, zikawekwa katika kituo cha Makhado, jimbo la Limpopo. Mwaka 2010 zililinda anga wakati wa Kombe la Dunia. Watu walitazama juu wakaona fahari, na fahari hiyo hatuicheki. Mwezi Machi 2013 Waziri wa Ulinzi aliliambia Bunge kwamba 12 kati yake zimewekwa ghalani kwa muda mrefu, kwa kuwa fedha za kuzirusha hazitoshi. Ndege za mwisho zilikuwa zimepokelewa mwaka uliotangulia tu. Ikafika mwezi Septemba 2021, mkataba wa matengenezo na Saab ulikuwa umekwisha na mwingine haujatiwa sahihi, na kundi zima likasimama. Lilisimama mwaka mzima, hadi mkataba mpya ulipopatikana mwezi Septemba 2022. Nchi iliyokuwa na ndege bora za vita kusini mwa Sahara haikuweza kurusha hata moja, wala hapakuwa na adui aliyezipiga.

Tena tazama mwezi ule ule wa Machi 2013. Askari mia mbili na kitu wa Afrika Kusini walishambuliwa na waasi karibu na Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, na 13 miongoni mwao wakauawa. Kutoka Makhado hadi Bangui ni zaidi ya kilomita 3,000. Ndege za Boeing 707 zilizokuwa zikitia mafuta ndege nyingine hewani ziliondolewa mwaka 2007, na hazikupata badala yake. Ndege nane za mizigo za A400M, ambazo zingeweza kubeba askari na silaha, na nazo pia kutia mafuta hewani zikifungwa vyombo vyake, ziliagizwa, na mwaka 2009 agizo likafutwa kwa ajili ya gharama na kuchelewa. Wakati Gripen zikiendelea kupokelewa, kile kitu ambacho kingeziwezesha kufika vitani kilikuwa kimekatwa katika makisio.

Mwezi Januari 2025 yakatokea ya Sake na Goma, katika nchi ambayo watu wake wa mashariki husema lugha hii tunayoiandika. Askari 14 wa Afrika Kusini waliuawa huko. Askari wa Tanzania na Malawi walikuwa pamoja nao katika jeshi la SADC, na wao pia walizika wenzao. Kutoka Makhado hadi Goma ni zaidi ya kilomita 2,300. Hatusemi kwamba Gripen zingaliwaokoa. Vita vya milimani na mjini, ambamo adui amechanganyika na raia, havimalizwi na ndege ya mwendo wa kasi, na yeyote anayesema vinginevyo ajibu kwanza mabomu yake yangeangukia nani. Tunalosema ni kwamba mama wa askari aliyekufa ana haki ya kuuliza mabilioni yale yalinunua nini, na jibu la kwamba yalinunua ndege haliwezi kumtosha.

Wako watakaosema kwamba twachochea nchi za Afrika ziache anga zao wazi. La. Nchi isiyoweza kumtambua aingiaye katika anga yake haina mipaka ila ya kwenye ramani. Tena ndege za vita hazinunuliwi siku vita vinapoanza. Rubani mmoja huchukua miaka kumfunza. Na tukilazimishwa kuchagua kati ya ndege nyepesi na ndege nzito, twasema bila kusita kwamba nchi nyingi za bara letu zachukuana zaidi na nyepesi. Uganda ilipochagua ile nzito ilipata masafa, lakini ilitumia kwa sita tu, pamoja na vyombo vyake, dola zipatazo milioni 740, na fedha zilitoka kabla Bunge halijaidhinisha. Kenya ilichukua njia nyingine: mwaka 1978 ilianza kupokea F-5 za Marekani, ndege nyepesi iliyobuniwa mahususi kwa nchi zisizo na fedha nyingi, na baadaye ikanunua nyingine zilizokwisha tumika Jordan. Hazikuwa za kujivunia katika maonyesho. Lakini mwezi Oktoba 2011, walipoingia Somalia, zilikuwa zingali zikiruka, miaka 33 baadaye.

Pengine hata ndege ya jeti haihitajiwi. Mwaka huo huo wa 2021 ilipopokea JF-17 tatu, Nigeria ilipokea pia ndege 12 za Super Tucano, zenye pangaboi mbele kama za zamani, kwa ajili ya vita na waasi wa kaskazini. Ndege hiyo huenda polepole, huzunguka muda mrefu juu ya mahali pamoja, na rubani huona anachopiga. Kumfukuza mtu wa pikipiki kwa ndege inayopita mara mbili ya mwendo wa sauti ni kupoteza mafuta. Lakini hiyo nayo haiwezi kumzuia mvamizi wa angani, na Serikali inayoichagua yapasa iseme wazi kwamba imechagua adui gani wa kumkabili na yupi wa kumwacha.

Thailand yatupa mfano wa walionunua kwa kiasi chao. Walichukua Gripen 12 tu, pamoja na ndege za rada za kampuni hiyo hiyo za kuziongoza. Moja ilianguka mwaka 2017 katika maonyesho ya siku ya watoto, na rubani wake akafa. Zilizobaki 11 ziliendelea kutunzwa, na mwezi Julai 2025, mapigano yalipozuka mpakani na Kambodia, ziliruka na kushambulia. Ndiyo mara ya kwanza kwa Gripen kupiga adui vitani. Kwamba vita hivyo vilikuwa vya haki au havikuwa, ni jambo jingine. Lakini mpaka ulikuwa karibu, mafundi walikuwapo, na mkataba wa vipuri ulikuwa hai. Brazili nayo, iliyotia sahihi mwaka 2014 kununua Gripen 36 za namna mpya, ilidai wahandisi wake wakafundishwe Uswidi na 15 kati ya ndege hizo ziundwe nyumbani kwao. Iliweza kudai hivyo kwa sababu kiwanda chake, Embraer, kilikuwa kikitengeneza ndege tangu mwaka 1969. Ahadi ya ufundi humwingia mwenye karakana. Asiye na karakana huishia kupewa semina na vyeti.

Waswisi waliulizwa wenyewe. Tarehe 18 Mei 2014 walipiga kura juu ya Gripen 22 kwa faranga bilioni 3.1, na asilimia 53.4 wakakataa. Baadhi ya watu wetu huutaja mfano huo kama ushindi wa wananchi juu ya wauza silaha. Wasiishie hapo. Mwaka 2020 Waswisi hao hao waliulizwa tena, safari hii juu ya faranga bilioni 6 za kununua ndege ambayo jina lake halikutajwa, wakakubali kwa asilimia 50.1, na Serikali yao ikachagua F-35 ya Marekani, kubwa na ghali kuliko ile waliyoikataa. Waliambiwa kwamba bei imefungwa. Mwaka 2025 Wamarekani wakawaarifu kwamba haikufungwa, na kwamba nyongeza yaweza kupita dola bilioni moja. Ikiwa hayo yaliwapata Waswisi, ambao duniani kote husifiwa kwa kuhesabu fedha, sisi tusidhani kwamba neno la mdomo la muuzaji litatulinda.

Basi siku waziri yeyote wa nchi zetu atakapoleta Bungeni ombi la ndege nyepesi ya bei nafuu, bei ya ndege ikae mstari wa kwanza, na chini yake paandikwe mistari mingine: saa ngapi zitarushwa kila mwaka, kwa marubani wangapi, mkataba wa vipuri ni wa miaka mingapi, na fedha zake zimo katika fungu gani, injini ni ya nani, na barua ya ruhusa yake iko wapi, kutoka kituoni hadi mahali panapohofiwa ni kilomita ngapi, na ndege itarudije. Miaka ya kuhesabu isiwe mitano ya Bunge lililopo. Iwe 30, ambayo ndiyo maisha ya ndege. Na kama Hazina haiwezi kulipia ndege 26 kwa kipimo hicho, iulizwe kama inaweza kulipia 10. Na kama 10 haziwezekani, ombi lirudishwe kwa waziri pamoja na kalamu.